Vumbi la Fuwele

Uingereza, 9 Oktoba 1955

Dada yangu Cheptanui,

Picha mliyopiga wewe na shemeji Kosgei imefika salama, nimeibandika juu ya kitanda. Mwenye nyumba, mama mzee wa Kizungu, aliuliza kama ule mlima nyuma yenu ni Kilimanjaro. Nilipomwambia ni Menengai tu na hauna theluji, alisikitika. Mguu wa mama unaendeleaje? Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Ukipanda Molo mwambie mama nakula vizuri. Usimwambie kwamba viazi ni vya asubuhi, mchana na jioni.

Umesema watu wa kanisani wanakuuliza mdogo wako anasoma nini, nawe unakosa jibu. Basi nitajaribu.

Chukua gunzi la mahindi. Ukiliangalia, punje zimejipanga mistari, kila moja mahali pake. Kuna mawe yaliyojipanga hivyo ndani yake, chembe kwa chembe, madogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Yanaitwa fuwele. Sisi tunayatengeneza wenyewe, kutokana na unga wa madini yaitwayo berili, uliochomwa ukashikana na oksijeni, ile hewa tunayovuta. Ni unga mweupe na laini kuliko unga wa ngano wa Njoro. Nausaga kwenye kinu kidogo, natia chembe chache sana za madini mengine, kama unavyotia chumvi kwenye sufuria kubwa, halafu naingiza kwenye tanuru lenye moto ambao hujawahi kuuona.

Fuwele ikipoa tunaipiga miale ya eksirei. Kisha tunafunga madirisha, tunaipasha moto polepole gizani, nayo inatoa mwanga. Si moto, dada. Ni mwanga baridi, wa bluu hafifu, unakuja kama mtu anayefikiri kwanza, halafu unaisha. Na sababu yake ndiyo iliyonifanya nisilale siku ya kwanza: fuwele iliyo kamili haitoi mwanga huo. Hutoka mahali palipo na kasoro, pale ambapo punje imekosekana kwenye gunzi, au punje ngeni imekaa katikati ya zingine. Hapo umeme hunaswa, na joto ndilo linaloufungua. Kazi yangu ni kujua kasoro gani inatoa mwanga upi.

Wajibu hivyo watu wa kanisani. Wakikucheka, cheka nao.

Baridi imeanza. Nina kikohozi kidogo kama kila mtu huku.

Ni mimi mdogo wako,
Kipkemei


Nakuru, 27 Novemba 1955

Kipkemei wangu,

Barua yako ilifika ikiwa imefunguliwa na kugandishwa tena. Nafikiri mzungu wa serikali aliyeisoma alichoka alipofika kwenye gunzi la mahindi. Sisi ni wazima. Kosgei bado yuko kwenye ghala la nafaka, anarudi jioni mweupe vumbi tupu, mimi bado nashona kwenye baraza la duka la Tara. Mama mguu unamsumbua mvua ikinyesha, na Molo unajua mvua haikauki. Ng'ombe mwekundu amezaa ndume. Mama alinuna siku nzima, alitaka jike.

Habari mbaya ni za Mburu, fundi viatu tuliyepakana naye. Askari walikuja na lori wakamchukua yeye na watoto, tangu hapo nyumba iko wazi. Viatu vya watu vimebaki kwenye sanduku lake. Nimeuliza wapi amepelekwa, nikaambiwa nishone nguo zangu.

Kanisani niliwaeleza habari ya mawe. Mwalimu Omolo akasema, "Kwa hiyo Wazungu wamempeleka mtoto wetu huko kote aende kutafuta makosa ya mawe?" Tulicheka sana. Lakini nyumbani nilimwambia Kosgei anizimie taa nikae kidogo gizani nione unavyoonaga. Alidhani nimeugua.

Sasa niambie. Huo unga unaousaga, unajifunika pua? Kosgei alikohoa mwaka mzima alipoingia ghalani, na hilo ni vumbi la mahindi tu. Wewe unasaga mawe. Na hicho kikohozi ulikitaja mwisho kabisa wa barua. Nakujua tangu nikikubeba mgongoni. Jambo lako la kweli hukaa mwisho kila mara.

Mama anasema vaa soksi mbili.

Dada yako,
Cheptanui


Uingereza, 11 Machi 1956

Dada mpendwa,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Krismasi ilipita nikiwa kitandani, na Januari pia. Pole sana kwa Mburu. Nilisoma habari yake mara nyingi nikiwa nimelala, nikaona vile viatu.

Niko hospitali. Nimeambiwa ni kifua kikuu. Usishtuke, siku hizi kina dawa. Wananichoma sindano kila siku na kunipa vidonge, na kuna wagonjwa waliokuja hapa wakibebwa ambao sasa wanacheza karata na kugombana. Wauguzi ni wema. Kitanda changu kiko karibu na dirisha, wanaliacha wazi hata theluji ikianguka kwa sababu wanaamini hewa baridi inaponya. Nikawaambia mimi nimezaliwa Molo, baridi haijaniponya kitu.

Kuhusu kufunika pua: pale kuna kabati la kioo lenye feni ya kufyonza vumbi, ndimo tunamotakiwa kusagia. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi wa unga.

Kazi ilikuwa inakwenda vizuri kabla sijalala. Kipande kimoja kilitoa mwanga mara mbili, hafifu kwanza, kisha moto ulipozidi kikawaka tena kwa rangi nyingine. Maana yake kuna kasoro za namna mbili ndani yake, moja imeshika kwa nguvu zaidi. Profesa alisema nikipona tutaandika habari hiyo kwenye jarida la wataalamu waisome, na jina langu liwemo.

Ng'ombe wanaendeleaje? Mama usimwambie neno la kifua kikuu. Mwambie mafua.

Kipkemei


Nakuru, 2 Mei 1956

Mdogo wangu,

Nimekaa na barua yako wiki nzima kwenye mfuko wa aproni. Tara aliniuliza mbona nashona mikono ya shati imegeuka. Nikamwambia jua.

Nilikwenda kwa Daktari Gopal, yule wa karibu na soko. Sikuwa mgonjwa, nikalipa kama mgonjwa ili anipe nafasi. Nikamwambia ndugu yangu ana kifua kikuu Ulaya, anapigwa sindano tangu Januari. Akauliza, "Anatema damu?" Nikasema hajaandika. "Anaongezeka uzito?" Sijui. "Makohozi yake wamepima wameona wadudu?" Sijui, daktari. Akaweka kalamu chini akasema, "Mama, mimi nitamtibu vipi mtu kwa barua?" Hakusema kwa ubaya. Nilitoka nikarudi kushona.

Basi nijibu hayo matatu. Damu, uzito, wadudu. Usiniandikie habari za wauguzi na karata.

Na hilo kabati la feni. Umesema ndimo "tunamotakiwa" kusagia. Hukusema ndimo unamosagia.

Mama nimemwambia mafua. Ng'ombe ni wazima, yule ndume anapiga watoto pembe ingawa pembe zenyewe bado hazijatoka. Kosgei anakusalimu. Mimi pia nilikuwa na homa kidogo lakini imepita, si kitu.

Cheptanui


Uingereza, 19 Agosti 1956

Dada,

Nakujibu kama ulivyouliza. Damu, hapana. Uzito, nimepungua mpaka saa inazunguka mkononi. Wadudu hawajaonekana hata mara moja, na ndiyo sababu nimechelewa kuandika, kwani kila wiki walikuwa wakisema tungoje kipimo kingine.

Mwezi uliopita alikuja daktari mgeni, kijana, akaangalia picha za kifua changu kwenye ubao wa taa. Akasoma cheti changu, akaja kukaa kitandani. Akasema, "Bwana Kipkemei, unafanya kazi gani?"

Dada, nimelala hapa tangu Januari. Alikuwa mtu wa kwanza kuuliza. Kwenye cheti walikuwa wameandika "mwanafunzi, Mwafrika", wakaona inatosha.

Nikamwambia natengeneza fuwele. Za nini? Nikamwambia. Akauliza kama unga huo naushika mwenyewe. Nikasema nausaga. Akauliza kuhusu kabati la feni. Nikamwambia ukweli ambao sikukuambia wewe: feni ilikuwa imeharibika kabla sijafika, waliahidi fundi, fundi hakuja, na unga ukisagwa ndani ya kabati lisilofyonza hukurudia usoni. Kwa hiyo nilisagia mezani kama aliyenitangulia. Alikuwa binti wa Kizungu, Sally. Koti nililopewa siku ya kwanza lilikuwa lake. Nilijua kwamba aliacha kazi kwa afya mbaya. Daktari ndiye aliyekwenda kuulizia habari zake, akaniambia Sally amefariki mwaka jana, na kwao waliandika kifua kikuu.

Si kifua kikuu. Ni vumbi la berili. Linakaa kwenye mapafu, na mapafu yanajizungushia makovu mahali kila chembe ilipo. Halitoki. Kuna dawa moja mpya inayopunguza uvimbe, inanifanya nipumue vizuri zaidi na kunijaza uso. Haiondoi makovu.

Profesa alikuja. Alisimama miguuni pa kitanda ameshika kofia kwa mikono miwili. Akasema, "Hatukujua." Nilitaka kumwambia kwamba kila mtu alijua feni haifanyi kazi. Lakini nilikosa pumzi ya kusema sentensi ndefu hivyo, na nilipoipata alikuwa anauliza kama ninahitaji vitabu. Nikasema ndiyo, asante. Aliniletea vitatu. Kwenye lile jarida wameandika habari ya mwanga wa mara mbili na jina langu limo. Nimelisoma mara moja.

Dada, sijui nikuombe nini. Hakuna cha kuomba. Nimekuandikia tu kwa sababu uliuliza.

Kipkemei


Nakuru, 7 Oktoba 1956

Kipkemei, mtoto wa mama yangu,

Mama anajua. Sikumwambia mimi. Kosgei alipanda Molo na barua yako, akamsomea kama tulivyopatana, akiruka maneno na kutunga mengine. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na ng'ombe?" Kosgei akasema, ng'ombe wepi? Mama akasema, "Ameuliza habari za ng'ombe katika kila barua tangu aondoke. Mtu mwenye mafua hawezi kusahau ng'ombe. Nisomee sawasawa." Kosgei akamsomea sawasawa. Anasema alitamani ardhi ipasuke aingie.

Mama hakulia. Alitoka akaenda kukamua, ingawa haikuwa saa ya kukamua.

Sasa nisikilize. Rudi nyumbani. Waache na vitabu vyao. Kosgei ameongea na wenzake wa ghalani, wamekubali kusaidia. Chumba cha nyuma nimekipaka chokaa. Ukitaka kukaa mjini utakaa na sisi, ukitaka Molo mama amekwisha toboa dirisha la pili kwenye nyumba yake, yeye mwenyewe na panga, kwa sababu umesema huko hospitali wanaamini dirisha. Hewa ya Molo ndiyo iliyokulea. Utakunywa maziwa, utakaa juani, utapona au hutapona, lakini utakuwa kwenu.

Kila jioni najaribu kumkasirikia mtu. Najaribu huyo profesa, lakini simjui sura. Namjaribu fundi wa feni ambaye hakuja, na huyo pia simjui. Basi jana nimemfokea Kosgei kwa ajili ya vumbi la mahindi kwenye shati.

Rudi.

Cheptanui


Uingereza, 10 Desemba 1956

Dada yangu,

Nimekubali kurudi. Wamenitafutia nafasi kwenye meli mwishoni mwa Januari. Mfereji wa Suez umefungwa kwa sababu ya vita, kwa hiyo tutazunguka Afrika yote kwa kusini mpaka Mombasa.

Lakini daktari ameniambia jambo, nami nalisema mwanzo wa barua safari hii, si mwisho. Nchi yetu iko juu sana. Hewa ya Nakuru ni nyembamba, ya Molo nyembamba zaidi. Mtu mwenye afya haoni tofauti. Mapafu yangu yanabahatisha hata hapa, karibu na usawa wa bahari. Alifungua ramani, akanionyesha reli inavyopanda kutoka Nairobi, inapita mgongo wa mlima ndipo iteremke Nakuru. Akasema, "Hapo juu, nafikiri hutafika." Nikamuuliza na nikifika? Akasema, "Basi hutakaa."

Anataka nibaki Mombasa, kwenye hospitali ya huko. Nimesoma miaka yote hii mahali chembe zinapokosekana, dada, na sikuwahi kufikiri kwamba hewa ya kwetu imepungua kitu.

Mwambie mama asitoboe dirisha lingine.

Kipkemei


Nakuru, 3 Januari 1957

Mdogo wangu,

Huyo daktari hajawahi kufika Molo. Wazee wa kule wanakufa na miaka tisini wakipanda mlima na kuni. Lakini Daktari Gopal naye amesema hivyo hivyo, nilipomuuliza safari hii hakukubali nilipe.

Basi njoo Mombasa. Nitakuwa hapo bandarini. Kosgei ameulizia meli itafika lini, nimeomba ruhusa kwa Tara, nimeshona gauni. Nitakujua hata ukiwa umevaa kofia ya Kizungu. Utashuka utaniona mimi kabla hujaona Mombasa.

Kuna jambo lingine, nitakwambia tukionana.

Dada yako


Mombasa, 8 Machi 1957

Dada,

Sikukuona bandarini. Nilingoja nimekaa kwenye sanduku langu mpaka makuli wakaondoka wote. Nilifikiri umekosa gari la moshi. Nilifikiri mama. Nilifikiri mengi, na hakuna mtu hapo wa kumuuliza. Hospitali walinipa kitanda, wakasema nipumzike. Nilipumzika mpaka nikashindwa. Nikaondoka na kukata tiketi ya Nakuru.

Usinifokee. Nilitaka nifike Nakuru tu, nikuone, kisha nirudi chini.

Nilikaa vizuri mpaka kulipopambazuka. Tulikuwa tumepita Sultan Hamud, nikaona twiga wamesimama karibu na reli na umande mgongoni, nikafurahi, nikafungua dirisha. Niliinuka kuwatazama ndipo nikaona siwezi kukaa tena chini, wala siwezi kusimama. Kifua kilikuwa kinafanya kazi, kinapanda kinashuka, lakini hakuna kilichoingia. Mama mmoja wa Kikamba aliyekuwa na mtoto alinishika kichwa akaanza kuita watu.

Walinishusha Ulu. Mkuu wa stesheni ni Kalasinga aitwaye Joginder. Alinilaza kwenye benchi ofisini kwake, akainama.

"Bwana, midomo yako imekuwa rangi ya wino. Unakwenda wapi?"

"Nakuru."

"Nakuru kuna nini?"

"Dada yangu."

Akatazama gari, walikuwa wanamngoja apeperushe bendera. Akasema, "Hapa bado ni chini, ndugu yangu. Baada ya Nairobi kuna mlima. Nikikurudisha ndani ya behewa hili nitakuwa nimekuua mimi."

Nikamwambia anirudishe tu. Alitoka, nikasikia filimbi, nikasikia gari linaondoka bila mimi. Nililia, dada, na kulia pia kunataka pumzi. Alirudi na chai. Alikaa na mimi mpaka gari la kuteremka lilipofika, akanipandisha mwenyewe na kumwagiza gadi wa gari.

Niko kitandani tena. Kuna chupa kubwa ya chuma ya oksijeni hapa karibu, nikizidiwa wananiwekea mpira puani. Niambie tu ni nini kilichokuzuia. Nitastahimili.

Kipkemei


Nakuru, 1 Aprili 1957

Kipkemei wangu,

Nakuandikia nikiwa nimelala hospitalini Nakuru, miguu imeinuliwa juu ya matofali. Nina mimba. Ndilo lile jambo nililotaka kukuambia. Ile homa niliyokuandikia mwaka jana haikuwa homa, mtoto alitoka, na kabla yake mwingine. Sikutaka kukuongezea. Siku ya kuja Mombasa nilifika stesheni na gauni langu, nikaona damu. Kosgei alinibeba kwenye mkokoteni wa mizigo. Tulituma simu ya maandishi bandarini, kumbe hawakukupa.

Wamenikataza hata kukaa. Daktari amesema nikipanda gari nitampoteza na huyu.

Niliposoma habari ya Ulu nilifunika uso kwa shuka. Mtu anakuja kwangu akishindwa kupumua, nami nimelala nahesabu mabati ya dari. Wewe huwezi kupanda, mimi siwezi kuteremka. Sijui tumemkosea nani.

Mama anakuja. Kosgei atamleta baada ya Pasaka, akishapata ruhusa ghalani. Hajawahi kupita Nakuru maishani mwake. Ameuliza kama kule chini watu wanalala usingizi.

Cheptanui


Mombasa, 9 Juni 1957

Dada,

Mama amekuja na ameondoka, naye amekwisha kukueleza kwa njia yake. Nami nikueleze kwa yangu.

Aliingia wodini na blanketi lake zito, jasho linamtiririka, Kosgei nyuma yake na kibuyu cha maziwa. Akatembea kati ya vitanda akitazama kila uso. Aliponiona akaachama. Unakumbuka nilikuambia ile dawa inajaza uso. Mashavu yangu ni kama ya mtoto anayenyonya. Mama akanishika mashavu akasema, "Kumbe wamekulisha! Cheptanui ananiambia mtoto anakufa, kumbe amenenepa hivi!"

Alicheka, dada. Alimgeukia mgonjwa wa kitanda cha pili akamwonyesha mimi. Kosgei alitazama dirishani. Nami ningemwambia nini? Nilicheka pia, nikapatwa na kikohozi, na hakikuisha, mpaka muuguzi akaja na mpira wa chupa. Kilipotulia mama alikuwa amekaa chini sakafuni, mkono wake kwenye mguu wangu chini ya shuka. Alikuwa ameupata mguu ulivyo, mifupa mitupu.

Siku nyingine akaniuliza, "Hayo mawe yako, yalimmulikia nani?"

Nikasema, "Hakuna, mama. Yanatoa mwanga kidogo kwenye chumba chenye giza, tunaangalia, tunajua yameumbwa vipi."

"Halafu?"

"Halafu yanazimika."

Akasema, "Yalikuwa mazuri?"

Nikamwambia ndiyo, yalikuwa mazuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuona. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei na kuiona kubwa mno. Kisha akaninywesha maziwa. Yalikuwa yamechacha kwa joto la huku, nikayanywa yote.

Daktari wa hapa ni mkweli. Anasema si jambo la miaka. Dawa ikizidishwa inaharibu vingine, ikipunguzwa sipumui. Nimemuuliza unaweza kufanya nini, akasema, "Kukuweka karibu na chupa."

Nilipoagana na mama hakusema kwaheri. Alikunja blanketi, akaliacha kitandani kwangu, katika joto hili.

Mchunge mtoto. Lala. Usijaribu kuja.

Kipkemei


Nakuru, 28 Julai 1957

Mdogo wangu,

Umekuwa mjomba. Ni msichana, amezaliwa mapema, mdogo kama paka, lakini analia mpaka wodi ya wanaume. Hawajaniruhusu kutoka naye, na wanasema mwaka huu tusahau safari. Kwa hiyo hutamwona upesi, na mimi hutaniona. Nimeandika sentensi hiyo nikaitazama muda mrefu. Sina nyingine ya kuweka mahali pake. Ana paji lako la uso.

Mama alipotoka kwako hakukaa nyumbani. Kila siku alikuwa akishughulika na jambo, hatukuelewa. Ng'ombe amempa ndugu wa Kosgei awachunge. Nyumba ameifunga, lile dirisha la pili ameliziba kwa mbao. Juzi akatokea hapa wodini na kikapu, akamtazama mtoto, akamtemea mate ya baraka kifuani, akaniambia, "Huyu ana wewe. Yule hana mtu."

Nikamwambia, mama, kule kuna joto, huna jamaa, utalala wapi? Akasema amemwona mwanamke mmoja anayefagia wodi yako, wameelewana kwa mikono, ana chumba.

Kosgei alimsindikiza stesheni jana kukata tiketi mapema. Anasema alipofika dirishani kwa karani akaomba tiketi ya Mombasa, kwenda na kurudi, mama akamshika mkono akauteremsha taratibu.

"Kwenda," akamwambia karani.

Karani akasema, "Na kurudi, mama? Ukikata pamoja inapungua."

"Nimesema kwenda."

Atafika Jumanne ya wiki ijayo asubuhi. Mwachie nafasi pale karibu na kitanda.

Dada yako,
Cheptanui